Cheti cha Mjomba Kisichoijua Burma

Nilikuwa na Kiingereza cha miezi kumi na minne ya shule ya usiku, na Dunda nzima, mtaa wetu wa Bagamoyo, ilijua, maana niliitangazia mwenyewe. Cheti changu cha kuhitimu nilitembea nacho mfukoni mpaka kikaota mikunjo kama kiganja cha bibi kizee. Barua ya Kiingereza ikifika mjini nilikuwa naletewa mimi, isipofika, naiulizia. Kwa hiyo mjomba wangu, ndugu wa mama, aliporudi kutoka vitani, ni mimi niliyeomba kumsomea cheti chake cha kuachiwa jeshi. Yeye hakuniomba. Nalisema hili mapema nisije nikajisahaulisha huko mbele.

Tulikuwa barazani kwa muuza kahawa, watu elfu moja. Haya, kumi na watatu. Mjomba alikuwa akisimulia Burma: mvua ya miezi minne, matope ya kiunoni, na ruba wanaopenya mpaka ndani ya viatu vilivyofungwa. Nikanyoosha mkono, nikakifungua cheti, nikakohoa kama hakimu. Jina, namba, urefu, mwenendo mzuri. Kisha nikafika kwenye mstari wa mahali alipotumikia. Nikausoma kimoyomoyo, halafu, kwa ule ushamba wa msomi mpya, nikausoma kwa sauti.

"Afrika Mashariki tu. Mjomba, mbona Burma haimo?"

Muuza kahawa ndiye aliyejibu. "Labda siku hizi Burma imehamia Morogoro."

Walicheka mpaka vikombe vikagongana. Mjomba alikichukua cheti chake, akakikunja, akaondoka bila kuaga.

Kabla ya alasiri maneno yalikuwa yamekwisha fika jikoni kwa mkewe, mkaza mjomba wangu. Mwanamke huyu alimngoja miaka mitano. Waliomshauri adai talaka walikuwa wengi kuliko kuku wa mji huu, na wote aliwafukuza. Siku hiyo alimuuliza mumewe swali moja: "Kama hukuvuka bahari, ile miaka ya kimya ulikuwa kwa nani?" Mjomba akamwambia alikuwa Burma. Mkaza mjomba akafunga nguo zake, akaenda kwa baba yake, kijijini Kaole. Kesho yake ukaja ujumbe wa mkwe: cheti kirekebishwe kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, la sivyo ipelekwe talaka.

Mjomba alinieleza jinsi mambo yalivyokuwa. Siku ya kuachiwa walipangwa foleni ndefu kambini, na karani aliyekuwa na haraka ya kwenda kula akawa ananakili mstari uleule kwa kila mtu. Mjomba hakujua kusoma. Aliweka dole gumba akaondoka.

Ombi la marekebisho nililiandika mimi, kurasa nne, zenye "kwa heshima na taadhima" kumi na moja. Lakini nilimwandikia kwa mkono mmoja na kumshuku kwa mkono wa pili. Nilianza kumtega. Namuuliza leo meli ilikuwa na mabomba mangapi ya moshi, namuuliza tena keshokutwa. Siku moja nikamwambia, "Nasikia huko tembo wanafanya kazi kama punda."

"Wako, nasikia. Mimi sikuwaona."

Nikajisemea, ehe! Umeenda Burma hukuona tembo? Haikunijia akilini kwamba aliyekusudia kutudanganya angetuletea tembo hamsini.

Tukaenda boma. Karani wa pale alikuwa mtu wa pwani kama sisi, miwani imefungwa uzi. Aliisoma barua yangu bila kuisifu, akamtazama mjomba.

"Nani alikuwa nawe huko, anayejulikana hapa?"

"Kijana wa Saadani. Alifia huko, kwa homa. Nilimwosha na kumzika mimi."

Karani akainuka, akarudi na jalada. Boma ndilo lililompelekea habari mama wa marehemu, na karatasi zake zilikuwa bado pale. Akalifungua huku amelikinga kwa mkono, kama mcheza karata.

"Bwana, una bahati. Mtu akiandikishwa jeshini huandikwa na alama za mwili. Ya huyu ninaiona hapa. Kama ulimwosha, uliiona. Nitajie alama gani, na iko wapi. Neno moja tu. Leo hii naandika, bwana shauri, mkuu wa wilaya, anatia saini."

Mjomba akalitazama jalada. Nikamkanyaga mguu.

"Nilimwosha," akasema. "Nilichokiona wakati wa kumwosha hakisemwi."

"Hata mbele ya serikali?"

"Hata mbele ya mama yake."

"Bwana, mkeo anakwenda hivyo!" karani akamwambia.

"Najua anakokwenda. Niulize jingine. Nikuambie nilivyomlaza: ubavu wa kulia, uso machweo."

Karani akaweka kalamu chini. "Machweo?"

"Machweo."

Tukatazamana, mimi na karani. Bagamoyo mtoto wa chuo cha Kurani anayejikwaa katika alifu anajua kibla ni kaskazini. Misikiti yetu yote inaelekea huko, makaburi yetu yote pia. Huyu bwana anatwambia kamzika Mwislamu mwenzake uso machweo! Karani akalifunga jalada. Nami moyoni nikaifunga kesi: mjomba hakumwosha mtu wala hakuvuka maji, labda dimbwi.

Nikaenda Kaole kwa miguu. Nilijiambia naipeleka haki, lakini hasa niliogopa watu wasije wakasema uongo ule umeandikwa kwa hati yangu nzuri. Mkwe wa mjomba nilimkuta nje, anashona mkeka. Zamani alikuwa baharia. Uzeeni amekuwa ndiye mwosha maiti wa kijiji. Mkaza mjomba alikuwa mlangoni, juu ya mbuzi, anakuna nazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja na cheti au na maneno?"

Nikamwaga yote, na chumvi kidogo. Nilidhani atapiga makofi. Akaacha kushona.

"Rudia hapo. Karani alimwambia akitaja alama ataandikiwa siku ileile?"

"Ndiyo."

"Naye anajua mke anampotea?"

"Karani alimwambia waziwazi."

"Asiseme?"

"Asiseme. Lakini mzee, hayo machweo je?"

"Shule yako ilikufundisha ramani?"

"Tulianza na Uingereza, mwalimu akahamishwa."

Binti yake akacheka puani, mkono bado uko kwenye nazi. Mzee akasema, "Mimi nimeswali Bombay misimu saba. Unadhani nilielekea wapi?"

"Kaskazini."

"Ningeelekea kaskazini ningekuwa namsujudia muuza samli wa jirani. Ukiwa huko Makka iko upande linakotua jua. Na Burma ni mbele ya Bombay. Aliyekaa hapa miaka yote angekutajia kaskazini, kama wewe, bwana msomi."

Masikio yangu yalipata moto wa kuchomea mihogo. Lakini binti hakuwa mtu wa kuvutwa upesi.

"Baba, hayo mtu anaweza kuambiwa na baharia yeyote."

"Anaweza," mzee akasema. "Lile la kwanza, la kukataa kutaja alama, je? Nimeosha watu miaka ishirini, na mwosha hasemi alichokiona. Najua uzito wa kunyamaza."

"Mimi sijaosha mtu. Nataka nimsikie mwenyewe."

Asubuhi yake tulikuwa boma sote, mjomba naye tumemwita. Mzee alimweleza karani habari ya kibla, kwa upole, na kwa kidole mezani. Karani akasema ataandika, lakini uso wake haukuwa na imani. Mkaza mjomba alisimama kizingitini na buibui lake. Hakumsalimu mumewe.

"Barua zako zilikuja mbili. Mbona hazikuja nyingine?"

"Aliyekuwa akiniandikia ni yule kijana," mjomba akajibu. "Walikuwapo wengine wa kujua kuandika, lakini si wa kuwaambia maneno ya mimi na wewe."

Mkaza mjomba akamgeukia karani. "Barua ya pili nilipewa hapahapa boma, mpunga bado mbichi shambani. Huyo kijana alikufa lini?"

Karani akalifungua jalada, safari hii bila kulikinga. Akasoma tarehe, akafungua daftari la barua za askari, akarudi nyuma kurasa nyingi kwa kidole.

"Barua hiyo ya mwisho iliingia hapa wiki tano baada ya kifo chake. Ndio mwendo wa barua za huko."

Mimi mwenyewe nilinyamaza, na hilo watu wa Dunda hawaliamini mpaka leo.

"Basi andika," mkaza mjomba akamwambia karani. "Unangoja nini?"

Siku ile hakurudi Kaole. Alitembea nyuma ya mumewe mpaka nyumbani, hatua kumi nyuma, ameshika kifurushi mwenyewe, hataki kupokewa.

Cheti kipya kilikuja baada ya miezi, mwezi wa Ramadhani ulishaandama na kwisha. Nilikisoma uani kwao: jina, namba, urefu, kisha Burma, imepigwa mashine kwa wino mweusi. Mkaza mjomba akanitaka nikisome mara tatu, halafu akakipeleka kwa karani, halafu kwa mwalimu wa shule ya mchana, kila mmoja amsomee peke yake. Mimi alishanijua.

Mkaza mjomba aliporudi, mjomba akanyoosha mkono apewe cheti chake. Mkewe akakikunja, akakitia katika kasha la nguo zake, akageuza ufunguo.

"Wewe ulikuwa unajua ulikokuwa," akamwambia. "Asiyejua ni mimi. Hiki ni changu."