Mahari ya Mdogo Wangu

Siku tangazo la ada mpya lilipobandikwa chuoni, sisi wa mwaka wa tatu tulipiga makofi. Tungemaliza kwa ada ileile ya zamani. Wa mwaka wa pili waliongezewa kidogo, wakanuna. Mzigo mkubwa uliwaangukia wa mwaka wa kwanza, na mdogo wangu alikuwa mmoja wao, ana wiki mbili tu pale. Nilipiga makofi kabla sijamkumbuka, na mpaka leo naona aibu.

Alirudi nyumbani Runazi, akamsaidie baba kutafuta nyongeza. Kitanda chake, cha juu ya changu, alikiacha kimetandikwa na kanga yake juu ya mto. Asubuhi alizoea kuning'iniza mguu na kunigusa nao usoni niamke. Nilikuwa na hamu na mguu ule, jamani.

Siku chache baadaye baba alinitumia ujumbe. Kwetu tunaongea Kisubi, lakini mambo ya shule baba huyaandika kwa Kiswahili, kama barua ya ofisini: "Mahari ya mdogo wako itunzwe mpaka maharage yavunwe."

Kumbe wanamwoza! Nilipandwa na hasira, sikujibu, na alipopiga niliiacha simu iite. Nilikuja kupokea usajili ukiwa umeshafungwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wamekubari?"

"Akina nani?"

"Si hao wa chuo? Kumtunzia mahari yake."

Mahali pake. Nafasi yake. Kwetu r na l hatuzitenganishi. Hata mimi nilikuwa hivyo, mpaka nilipochekwa darasani mwaka wa kwanza, nikaunyoosha ulimi. Niliunyoosha mno, hata baba yangu mzazi nikashindwa kumsikia. Nilikimbilia ofisini. Wakasema jina limeshafutwa, aombe upya mwakani, na kitanda kimepata mtu.

Likizo ilipofika nilirudi na kanga yake kwenye begi. Nilimkuta uani anapepeta maharage. Yalikuwa yamekubali mwaka ule, magunia yameegemezwa ukutani hadi mlangoni. Nilimweleza kosa langu lote, nikilia. Aliendelea kupepeta.

"Dada," akasema, "kwa hiyo mahari yangu wamempa nani?"

Ile r aliisema makusudi, anikumbushe tulivyokuwa tukitaniana. Alicheka peke yake.