Sauti Yake Imo Ndani, Mwenyewe Yuko Nje

Ni mwaka 2023, na kiangazi kimekolea. Vumbi la mtaa wa kale limepanda hadi kwenye kope za wapita njia. Saa tatu asubuhi mwanamke wa makamo anasimama ng'ambo ya lango jipya la chuma, mkononi ameshika mwavuli uliofungwa, akiwatazama wageni wanaoingia hotelini. Kila mgeni amevaa vipokea sauti masikioni. Kila mmoja, afikapo kwenye mlango wa mwisho wa ua, anainamisha kichwa.

Mlango huo ni mrefu. Mtu angeweza kuupita akiwa amembeba mtoto mabegani.

"Waone," anasema mwanamke huyo, bila kucheka. "Ni mimi ninayewaamuru wainame."

Asemavyo ni kweli. Sauti iliyo masikioni mwa wageni wale ni yake. Ilinaswa kabla mlango haujabomolewa na kuinuliwa, na hakuna aliyejisumbua kuirekebisha. Yeye mwenyewe haruhusiwi kuvuka lango bila tiketi.

Jirani zake humwita Bi Mwavuli. Kwa zaidi ya miaka ishirini ameishi kwa kuwatembeza watu mtaani kwa miguu na kuwasimulia historia ya kuta, visima na vibaraza. Jumamosi jioni alikuwa akizungumza katika ukumbi wa maktaba, bila kipaza sauti, mbele ya walimu, wanafunzi na wazee waliofuata kivuli.

"Kazi hii inataka miguu, koo, na adabu ya kubisha hodi," anasema.

Hilo la hodi ndilo lililomtofautisha na wenzake. Hakuna nyumba aliyoieleza kabla ya kubisha na kuitikiwa. Ikiwa mwenyeji hayupo, au hajisikii kuwaona watu, Bi Mwavuli aliinua mwavuli wake juu na kuwapitisha wageni kimya kimya, hata kama nyumba hiyo ndiyo iliyowaleta.

Nyumba iliyokuwa ikiitikia daima ilikuwa ile ya mlango mfupi. Humo alikaa mjane mmoja mshonaji, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani. Aliingia akiwa bibi harusi, akawazaa wanawe humo, akamzika mumewe akitokea humo. Alikuwa mpangaji, kama mama mkwe wake alivyokuwa mpangaji.

"Inamisheni vichwa," Bi Mwavuli aliwaambia wageni mlangoni. "Mjenzi aliufanya mfupi makusudi, ili hata bwana kodi akija kudai aingie ameinama."

Kutoka ndani, bila kuondoa mguu kwenye cherehani, mjane alijibu, "Mwongo huyo! Mbao zilimwishia fundi."

Wageni walicheka hadi wakashikana mabega. Siku njema zilikuwa hivyo, na siku njema moja ilimpatia Bi Mwavuli unga, mafuta, na nauli ya mjukuu wake ya juma zima. Sasa majuma hupita bila mgeni hata mmoja kumtafuta.

Mama Cherehani hakupokea hata senti. Aliacha kushona, akafagia, akawaacha watu asiowajua wakichungulia kitanda chake na sufuria zake. Aliomba jambo moja tu.

"Na mimi siku moja unitembeze, mwanangu. Wageni wote wanaujua mtaa huu, na mimi mwenyeji nimeishia kisimani."

"Juma lijalo, mama," Bi Mwavuli alimjibu.

Juma lijalo likazaa jingine. Wageni walikuwa wengi, na mwenyeji huonekana kama mtu atakayekuwapo siku zote.

Katika msimu mmoja wa wageni wengi alikuja bwana mmoja mpole aliyevaa viatu vya ngozi laini. Aliinama mlangoni kuliko wote. Akamsikiliza mjane, akacheka pale pa kucheka, kisha akauliza nyumba ile ni ya nani.

Bi Mwavuli hakumjibu kwa mdomo tu. Alimpeleka hadi barazani kwa mwenye nyumba, akamtambulisha kama mtu anayependa historia.

"Nilimshika mkono," anasema, akiutazama mkono wenyewe. "Nilidhani nimeipatia nyumba rafiki."

Baadaye vijana wawili nadhifu walikuja maktaba na kinasa sauti. Walisema ni kwa ajili ya kumbukumbu ya vizazi. Walimfuata mitaani pia, mlango kwa mlango, naye akawapa koo lake lote. Walipoondoka walimkabidhi mwavuli mpya wenye nembo ambayo wakati huo hakuitambua. Aliupokea kwa mikono miwili, kwa kuwa wake wa zamani ulikuwa umevunjika mbavu.

Kabla ya mvua kunyesha, yule bwana mpole alikuwa ameununua ua ule, na wapangaji wote walikuwa wamekwisha kutolewa. Nembo ya mwavuli ndiyo iliyopakwa rangi langoni.

Mara moja uchungu ulimshinda. Alipaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara: "Msiiname! Mlango ni mrefu!" Wageni hawakumsikia, masikio yao yalikuwa yamezibwa na sauti yake. Aliyemsikia ni mlinzi, kijana aliyekulia mtaa huohuo.

"Shangazi, nakuheshimu, lakini usinitafutie balaa. Nina watoto."

"Na mimi ninao, baba. Kaa na lango lako."

Hakupita tena hapo kwa muda mrefu. Anasema kilichomrudisha si hasira, bali ile ahadi ya juma lijalo. Mama Cherehani alikuwa amevimba miguu, na kila habari iliyotoka kwake ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia. Ahadi hiyo ingeweza kuzikwa naye.

Ndiyo maana asubuhi hii anaiacha hoteli nyuma yake na kwenda pembezoni mwa mji, akisukuma kiti cha magurudumu alichokiazima zahanati. Mjane anaishi huko katika chumba kilicho nyuma ya karakana ya mbao. Cherehani imefunikwa kwa shuka. Mwanga wa kushonea haufiki.

"Mama, nimekuja kukuchukua."

"Kunichukua kwenda wapi? Mara ya mwisho uliponiletea mtu, nilihama."

Bi Mwavuli anakisogeza kiti karibu naye. Hajitetei.

"Nimekuja kukutembeza mtaa. Nilikuahidi."

Mjane anadai kitambaa chake kizuri cha kichwa, na kioo, na anasema kuwa kiti hicho kinanuka dawa.

Njiani Bi Mwavuli anaeleza anachokusudia. Anataka matembezi yake mapya yaanzie huku pembezoni, kwa watu waliotolewa mtaani. Abishe hodi kwenye vyumba vyao vya kukodi, nao waelezee nyumba zao wenyewe. "Kuta wamezichukua," anasema. "Waliozikalia, sijaona anayewataka." Bado hajampata mgeni wa kulipia matembezi ya namna hiyo.

Mtaani anamsukuma mjane polepole. Anasimama kwenye kinu cha zamani, kwenye ngazi za wapiga chapa, kwenye ukuta uliojengwa na wafungwa, na kila mlango anabisha kwanza. Mjane anasikiliza akiwa ameufungua mdomo kidogo, kama mtoto. "Kumbe!" anasema. "Na miaka yote hiyo nilikuwa naishi nyuma yake!"

Langoni mlinzi anasimama.

"Shangazi, leo tena?"

"Leo mimi ni mgeni. Nikatie tiketi mbili."

Tiketi hizo ni ghali kuliko mapato yake ya nusu mwezi.

"Bibi naye anaingia?"

"Huyu ndiye mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni bosi, shangazi."

"Basi mwite bosi," anadakia mjane, "aje anionyeshe mwanawe alipozaliwa. Wangu alizaliwa pale, chini ya lile dirisha."

Mlinzi anakata tiketi mbili na kuwapa vipokea sauti, macho yake yakiwa chini.

Uani mjane anavivaa. Anasikiliza, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Unasema bwana kodi aingie ameinama. Mbona mimi sikujibu?"

"Walikata."

"Walikukata wewe au mimi?"

"Wewe, mama. Mimi waliniacha."

Mjane anavivua na kumwekea kiganjani. "Sema kwa mdomo wako."

Wanafika mbele ya mlango mrefu. Ndani kuna kitanda kipana na kabati la vioo. Mahali pa cherehani pamewekwa taa. Bi Mwavuli anagonga ubao mpya kwa vidole viwili.

"Hodi."

Hakuna anayejibu. Hakuna mtu ndani. Kwa kanuni yake angepaswa kuinua mwavuli na kupita.

"Karibu," anasema mjane, kutoka nyuma yake, ndani ya kiti. "Karibu ndani, mwanangu."

Wanaingia. Bi Mwavuli anamweleza chumba chake chote: mama mkwe aliyekipanga, mume aliyetolewa humo kwenda kuzikwa, dirisha, watoto, na fundi aliyeishiwa mbao. Safari hii hatii chumvi hata punje. Mgeni mmoja anaingia akiwa ameinama, anawaona, anaomba radhi, na kurudi nje akiwa bado ameinama.

Maneno yanapokwisha, mjane anajipangusa uso kwa ncha ya kitambaa.

"Matembezi umenilipa," anasema. "Hayo tumemalizana. Nyumba, bado nakudai."

"Najua, mama."

Bi Mwavuli anaufungua ule mwavuli wenye nembo, anamshikisha mjane mpini ili jua la ua lisimchome, kisha anakigeuza kiti kuelekea langoni.