Nilivyoichemsha Bahari Nikiwa Lushoto

Jamani, nawasimulia lakini msinicheke sana, maana hadi leo nikifika ufukweni akina mama wananiuliza kama nimekuja na kuni.

Mimi ni Mshambaa wa Malindi (ya Lushoto, kwenye baridi, si ile ya Kenya), na kazi yangu, ajabu eti, ni kupima bahari. Kule Tanga nina kifaa kama tochi, kinakaa majini kwenye mashamba ya mwani, na joto likizidi kinatuma ujumbe kwenye simu za akina mama wakulima wahamishie kamba walizoufungia mwani kwenye kina kirefu kabla haujaoza.

Sasa mdogo wangu akapata kipaimara, nikapanda nyumbani, na kifaa nikakitia kwenye begi nikakibadilishie betri. Baada ya ibada nyumba imejaa, shangazi akaniuliza mbele ya watu, "Hivi wewe mtoto wa mlimani, bahari unaipimaje?" Basi sifa zikanipanda, nikakiwasha, nikakitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto ya wageni kunawa, namba zikapaa, watu wakapiga makofi, nikajiona profesa.

Haikupita muda simu ikalia. Bi Zaina, mwenyekiti wa wakulima wa mwani. Nikaweka sauti ya nje (kujionyesha tena!) wasikie ninavyoheshimiwa.

"Shikamoo Bi Zaina."

"Marahaba. Naomi, ujumbe tumeupata, tuko majini tunahamisha, kamba nyingine zimekatika. Lakini mbona maji tunayaona ya kawaida tu? Kifaa kiko wapi?"

Shangazi, Mungu amsamehe, akajibu kwa sauti, "Si hiki hapa kwenye beseni!"

Pilau sikuigusa. Ningeweza kuomba radhi kwa simu nikajificha milimani, lakini moyo ukakataa, nikashuka Mombo, nikaunga basi jingine hadi Tanga, na maji yalipokupwa nikaingia baharini na gauni lile lile la kanisani, mimi nisiyejua kuogelea, nikawaeleza ukweli wote.

"Maneno baadaye," Bi Zaina akasema. "Shika kamba."

Nikashika. Nikateleza, nikanywa chumvi, wakacheka, nikainuka nikafunga nyingine, na kesho yake nikarudi, na siku zilizofuata, mpaka kamba ya mwisho. Lakini mwani wa Mwanahamisi, mama mwenye watoto wa kusomesha, karibu wote ulikwenda na maji. Hakunitukana. Hakunisalimia pia, na hilo liliniuma kuliko vicheko vyote.

Joto la kweli lilipokuja nilijiuliza, nani ataniamini tena? Nikampigia kila mmoja: "Niko majini, kifaa ninacho mkononi, safari hii ni kweli." Wa kwanza kutokea na kisu cha kukatia kamba alikuwa Mwanahamisi.

"Umekula?" akaniuliza. Tukaanza kazi.

Tangu hapo nimeapa: kifaa cha bahari hakipandi mlima. Ndugu zangu wakitaka kukiona, njia ya Tanga wanaijua.