Unalala Chali au Ubavu?

Ukiingia dukani kwa Bashir kutafuta godoro la kupuliza, lile la kukunja na kutia kwenye mkoba uende nalo kempingi, bei utaisikia mwisho. Kwanza utavuliwa viatu, ulale sakafuni. Mimi naitwa Murunga, fundi wa zipu na mahema, na nimekaa kwenye baraza la duka hilo hapa Eldoret tangu watoto wangu wakiwa wadogo. Sijaona mtu akiponyoka. Wanafunzi wa chuo, wakimbiaji, wazungu wenye magoti mekundu, hata pasta mmoja mnene aliyekuwa anapeleka vijana wa kanisa kambini, wote wamelala pale kwenye simenti katikati ya kamba na masufuria.

"Unalala chali au ubavu?" Bashir anauliza.

Watu hushangaa. Kwani nani amewahi kukuuliza hivyo dukani? Anayelala chali anapewa lile jembamba, hana shida. Wa ubavu ndiye wa kuangaliwa, kwa sababu uzito wote unakaa begani na kwenye nyonga. Huyo Bashir anampulizia godoro, anamlaza, halafu anapiga goti na kupitisha kiganja chini, kati ya godoro na sakafu, pale nyonga ilipo. Mwanamke anaambiwa apitishe mkono wake mwenyewe, maana Bashir ni mtu wa dini. Kama kiganja kinausikia mfupa, anatikisa kichwa.

"Hili hapana. Ardhi itakupata."

Na usimwambie unataka nene kuliko yote. Kimeli wa Moiben alikataa kusikia, akanunua kwingine godoro nene kama mto wa kochi, akapanda nalo milima ya Cherangani. Akarudi anakohoa, mdomo umepauka. Hewa tupu inapoa pamoja na ardhi, na unene wake hausaidii kitu kama ndani hakuna sponji wala kitu kingine cha kuzuia baridi. Bashir alimweleza bila kumcheka. Mimi nilimcheka, tena sana, kwa sababu mtu mzima anayelipia baridi anastahili kuchekwa.

Mambo ya kulala vibaya Bashir hakuyasoma mahali. Marehemu baba yake, Mzee Mahamud, alikuwa na lori la mizigo ya kwenda kaskazini, na Bashir alikua akilala juu ya magunia, juu ya mitungi, wakati mwingine chini ya lori kwenye changarawe. Mzee alipofariki, lori likauzwa, na mwanawe akafungua duka la vitu vya kambi. Alikuwa akisema kazi yake ni kuweka kitu kati ya mtu na ardhi. Mimi nilikuwa namwambia aache maringo, yeye ni muuza mifuko ya hewa tu.

Basi mwaka jana mama yake, Mama Rukia, akaugua. Ulianza kama uchungu wa mguu, wakadhani ni baridi ya huku kwetu. Kumbe ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye mfupa wa nyonga ya kulia na kukaa. Daktari alimwita Bashir kando akamwambia hakuna kukata wala kutibu tena. Wampe dawa za maumivu, na wamtafutie mahali pa kulala vizuri.

Hayo maneno ya mwisho yalimwingia Bashir vibaya sana. Alikuja dukani akayarudia mbele yangu mara kadhaa, mahali pa kulala vizuri, kama mtu aliyetukanwa. Mtu wa kuchagulia Eldoret nzima usingizi, na mama yake mwenyewe halali.

Kitanda Mama Rukia alikikataa. Alizaliwa kwenye nyumba ya miti na ngozi huko kaskazini, na maisha yake yote aliona kitanda ni mahali pa kuanguka. Na kweli alianguka kutoka kitandani mara moja, akitafuta maji ya kutawadha, na tangu hapo habari ya kitanda ikaisha. Alitaka chini, karibu na mkeka wake wa kuswali. Godoro la sponji la kawaida wakaliweka sakafuni, likabonyea pale pale penye nyonga. Na alalaye huyo ni mtu wa ubavu, tena ubavu wa kulia, ule ule mgonjwa. Walimbembeleza ageukie kushoto. Akasema alifundishwa na mama yake kulala kwa kulia, na hatabadilisha dini yake kwa sababu ya mfupa.

Bashir akampelekea lile la rangi ya machungwa, fahari ya duka. Lina unene, lina kitambaa chembamba kinachong'aa ndani cha kurudisha joto la mwili, na kiganja chake hakikuusikia mfupa kabisa. Alilipuliza kwa mdomo wake mwenyewe, pampu akaikataa. Yeye akahamia sebuleni, akawa analala karibu na mlango wa mama ili amsikie akiita.

Akaja baada ya hapo amechangamka. "Fundi, Hooyo amelala. Hajageuka hata mara moja." Wao mama wanamwita Hooyo. Kila siku ikawa hivyo, Hooyo amelala kimya, Hooyo hakusumbuliwa. Wateja nao wakaanza kuambiwa, hili hapa hata mama yangu analitumia, na yakauzwa yale ya machungwa mpaka yakabaki mawili. Mimi nilifurahi kwa ajili yake. Mwanaume akiacha kukunja uso, hata baraza linakalika.

Halafu godoro likaanza kupoteza hewa, na Bashir akaniomba nipite kwake mtaa wa Pioneer mchana nilizibe. Nilimkuta Mama Rukia amekaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta, amekonda mpaka shuka lilionekana kumlemea. Anisa, mke wa Bashir, alikuwa jikoni anachemsha chai. Nikamwaga maji ya sabuni kwenye godoro, nikaanza kutafuta povu linatokea wapi. Mama alikuwa ananitazama mikono.

"Wewe fundi," akasema polepole, "iko dawa ya hii kelele?"

"Kelele gani, Mama?"

Akanyoosha mkono akaligusa godoro. Likalia, kwaru kwaru, kama karatasi ya mkate. Ni kile kitambaa cha ndani. Yote yanalia hivyo, mtu wa kambini hajali, kwa sababu nje kuna upepo.

"Mimi nikigeuka, hii inalia," akasema. "Bashir anakuja mbio. Hooyo, unataka nini, Hooyo, unaumwa wapi. Na yeye iko na kazi asubuhi. Sasa mimi nikawacha kugeuka."

Nikamuuliza usiku anafanya nini basi.

"Nakaa hivyo hivyo. Naangalia dirisha mpaka adhana." Kisha akaninyooshea kidole. "Usimwambie."

Nilimaliza kuziba tundu, nikakataa chai, nikatoka. Barabarani nilitukana, simtukani mtu, natukana tu. Mwanamke yule alikuwa analala usiku mzima juu ya mfupa mbovu, hajigeuzi, anauma meno, ili mwanawe apate usingizi. Na mwanawe anakuja kwetu kushukuru Mungu kwa kile kimya.

Mimi siri hazikai tumboni. Nilifika dukani nikamwambia Bashir hapo hapo, na mteja yuko kaunta. Alikaa juu ya hema lililokunjwa. Mteja akauliza bei ya tochi, akauliza tena, mwishowe akaenda zake.

"Nilikuwa namsikiliza, Murunga," akasema. Hajawahi kuniita jina, siku zote mimi ni Fundi. "Naamka, natega sikio, nasikia yuko kimya. Nasema alhamdulillahi, nalala. Kila usiku nalala." Akalia, na mlango wa duka wazi.

Nilimwacha alie. Halafu nikamwambia ainuke, duka ni lake, limejaa magodoro, na mimi nina masikio mawili yasiyo na kazi.

Tukafunga mlango mchana ule. Tukashusha kila godoro lililokuwa kwenye rafu, jipya na la mtumba. Bashir akawa analala juu ya moja moja na kujigeuza, kulia, kushoto, kulia, na mimi nimekaa pembeni nimefumba macho nasikiliza. Hili linalia. Hili halilii lakini linanesa, mgonjwa atateleza. Hili ni kimya lakini mfupa unagusa. Watu wawili wenye mvi, mmoja anagaagaa sakafuni, mwenzake anapiga kelele "lingine!" Mtu angetuona angeita polisi. Tulifika mahali tukacheka wenyewe, na Bashir akacheka mpaka akarudi kulia.

Lililoshinda lilikuwa la mtumba, kijani kilichopauka, lililokaa dukani miaka na hakuna aliyelitaka kwa sababu ni zito kubeba mlimani. Juu lina kitambaa kama cha shati, ndani lina sponji inayofura yenyewe ukifungua valvu. Halisemi neno. Valvu ilikuwa inavuja, nikairekebisha. Bashir akalijaza kabisa, halafu akawa anapunguza hewa kidogo kidogo, maana godoro lililojaa likawa gumu linasukuma mfupa juu, na lililolegea linauangusha chini. Lazima lipatikane pale katikati, na pale katikati ni pa mtu mmoja tu.

Tulikwenda wote Pioneer. Bashir akalitandika, akapiga goti mbele ya mama yake kama anavyopigia wateja.

"Hooyo, unalala chali au ubavu?"

Mama Rukia alicheka. Ndiyo mara ya pekee nilimsikia akicheka. "Ubavu," akasema. "Ya kulia. Si unajua?" Akanitupia jicho la mtu aliyejua nani kasema, lakini hakunigombeza.

Akalala. Bashir akapitisha kiganja chini ya nyonga, akafungua valvu kidogo, akafunga, akapitisha tena. "Mfupa siusikii," akasema. Mama alikuwa amefumba macho tayari.

Kesho yake alikuja dukani amechelewa, macho yamevimba kwa kukesha, lakini uso wote unang'aa. "Fundi, Hooyo alikoroma. Alijigeuza, akarudi kulia, akakoroma. Nilikaa nikimsikiliza mpaka asubuhi, sikutaka kulala." Akawaambia mpaka watu wa boda boda pale kona. Nani mwingine ametangaza mama yake anakoroma?

Alikoroma majuma machache. Kisha asubuhi moja Anisa akaenda na uji, akamkuta ametulia kwa ubavu wake wa kulia.

Wao hawangoji kuzika. Sisi kwetu maiti hukaa mochari, watu wanachanga, sanduku linatafutwa, lenye kitambaa cheupe ndani na mto mdogo wa kichwa. Mama Rukia alioshwa asubuhi, alasiri tulikuwa makaburini. Nilisimama nyuma, nikavua kofia kwa mazoea, nikaona wenzangu wote wamevaa, nikairudisha. Hakukuwa na sanduku. Nilimwuliza Bilal, jirani yake Bashir, kama hawawezi kumtandikia hata blanketi. Akanieleza kwa upole kwamba hapana, ni sanda na udongo, na analazwa kwa ubavu wa kulia.

Nilitaka kusema kitu. Ule ubavu. Lakini si mambo yangu.

Bashir aliingia kaburini pamoja na Bilal. Kabla ya kumpokea alipiga magoti kule chini, akaanza kupapasa udongo kwa viganja, anasawazisha, anaokota kijiwe, anakitupa nje, anaokota kingine. Wazee walimwacha kidogo. Kisha mwili ukashushwa, wakamlaza kwa kulia, wakamwelekeza uso kibla, wakafungua sanda kidogo shavu liguse ardhi. Bilal akatoka.

Bashir hakutoka. Alikuwa bado amepiga goti, na mkono wake mmoja alikuwa ameupitisha chini ya mama yake, pale nyonga ilipo. Watu walidhani anaweka sawa sanda. Mimi nilijua anatafuta nini, na nilijua anausikia mfupa, na hakuna valvu ya kufungua.

Mbao zilikuwa tayari juu, watu wamezishika, wanangoja. Mzee mmoja akainama ukingoni.

"Bashir," akamwambia kwa sauti ya chini, "toa mkono, tumfunike."