Mkalimani wa Dishi

Kaka yangu hakujua Kiingereza, lakini alijua watu. Ukumbi wake wa video ulikuwa nyuma ya soko la Migori, mabati pande zote, na mwaka ule wa uchaguzi wa pili wa vyama vingi alipandisha dishi juu ya paa lake ili anase habari za ng'ambo. Dishi lilikuwa kubwa mno kwa jengo lile. Shemeji yangu, mke wake, alisema ukumbi umevaa kofia ya mtu mwingine.

Ili kulipata, kaka aliuza ng'ombe. Alibakiza fahali mmoja na mitamba wachache, na hao aliapa mbele yetu sote kwamba hatawauza wala kuwachinja. Walikuwa mahari ya mwanawe wa kwanza, na wakwe wa Oyugis walikuwa wameahidiwa kwamba wangewapata mwaka mpya ukiingia. Baba wa binti alikuwa amekuja mwenyewe kumwona yule fahali. Alimzunguka, akamshika nundu, akasema, "Huyu asije akakosekana."

Mimi nilikuwa nimetoka Homa Bay, ambako nilikuwa karani wa ghala la pamba hadi kazi ilipokwisha. Kiingereza nilijifunza mle ghalani, peke yangu, kwa kamusi iliyopoteza jalada na redio ndogo. Sikukubali neno linipite kabla sijajua maana yake. Nilijivunia hilo kuliko jambo lingine lolote maishani mwangu, na watu waliniita Mwalimu ingawa sikuwahi kufundisha darasa lolote.

Kaka aliniita kwa jambo moja. Katika kanisa letu la Sabato, mgeni akihubiri kwa Kiingereza, mkalimani husimama kando yake, kazi ambayo mara nyingi niliifanya mimi. Mgeni akiinua mkono, mkalimani anainua. Mgeni akinong'ona, naye ananong'ona. Mkalimani hodari huongeza moto pale mgeni alipopoa, na hakuna anayemlaumu, kwa sababu lengo ni roho ziguswe. Kaka alitaka jambo hilohilo lifanyike ukumbini: nisimame kando ya televisheni, mzungu aseme, nami niwape watu kwa Kijaluo, na kwa Kiswahili kwa wale Wakuria waliotoka sokoni.

Shida ya kwanza ilikuwa kwamba televisheni haimngoji mkalimani. Mhubiri hukunyamazia umalize. Msomaji wa habari huendelea tu, na ukiwa bado kwenye waziri, yeye ameshafika kwenye mafuriko. Basi nilijitungia utaratibu: nilishika sentensi ya kwanza na ya mwisho ya kila habari, kisha nikataja nani amesema na nani amekanusha. Niliuona utaratibu mzuri. Sikuacha upande wowote.

Watu waliuchukia.

"Mwalimu, hayo ndiyo yote amesema?" aliuliza fundi mmoja wa baiskeli aliyekaa mbele kila siku.

"Hayo ndiyo yote."

"Serikali hajaitukana?"

"Hajaitukana."

"Basi huyo mzungu ni wa serikali. Na wewe pia ni wake."

Wakacheka. Mwingine akadakia kutoka nyuma, "Huyu anatusomea hesabu ya pamba!" Kicheko kile kilidumu kuliko habari yenyewe.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na hoteli ya chai yenye televisheni ya kawaida, iliyonasa habari za serikali peke yake. Mtu angedhani hoteli hiyo ingekuwa tupu, maana sehemu zetu zilikuwa za upinzani, na habari zile zilianza kila siku na Rais: Rais amefungua, Rais amepokea, Rais ameonya. Lakini ilijaa. Watu walikwenda kuizomea. Waliagiza chai, wakangoja Rais atokee, wakampigia kelele mpaka akaondoka kwenye kioo, kisha wakarudi makwao wameridhika. Nilikwenda kusimama mlangoni pale siku moja kuchunguza, na nilichojifunza kilinifedhehesha. Habari ya upande mmoja iliwapa watu kitu cha kufanya. Habari yangu ya pande mbili haikuwapa hata sababu ya kuinua sauti.

Kaka yangu aliuona upungufu huo mapema. Habari zikianza, hakukaa kama watu wengine. Alikigeuzia kioo mgongo akatazama mabenchi. Mtu akipiga miayo, kaka alimwona. Mtu akiinuka, kaka alijua ni katika habari gani.

"Ndugu yangu," aliniambia siku moja tukifagia ukumbi, "chakula unapika vizuri, lakini hutii chumvi."

"Chumvi sikupewa. Natafsiri nilichopewa."

"Kanisani unatia."

"Kanisani ni neno la Mungu. Huku ni habari."

"Wanaokuja ni walewale," alisema.

Baada ya majuma machache alimleta mhubiri wa soko, kijana mwenye sauti ya tarumbeta na koti lililomzidi. Kiingereza chake kilitoka kwenye vijitabu vya kanisa. Alijua "ushindi", "mateso", "hukumu" na "wakati umewadia", na kwa maneno hayo alitafsiri dunia nzima. Bei ya mafuta ikipanda, aliwaambia watu kwamba wazungu wameonya: utawala huu hauna siku nyingi. Kukitokea tetemeko Asia, utawala huu hauna siku nyingi. Mabenchi yalijaa hadi kaka akaazima mengine kanisani, ila Ijumaa jioni yalirudishwa, maana Sabato hatukufungua. Hoteli ya ng'ambo ikapoa.

Nami nikahamishiwa mlangoni, kupokea viingilio. Nilimwambia kaka wazi kwamba nusu ya yale yanayosemwa haimo kwenye televisheni. Akaniuliza, "Nusu nyingine imo?" Nikasema imo. "Basi hiyo inatosha," akajibu. Lakini aliongeza jambo ambalo nimelikumbuka mara nyingi kuliko mengine. Alisema, "Siku kukiwa na jambo kubwa kweli, sitamwuliza yeye. Nitakuangalia wewe."

Siku yenyewe ilikuwa baina ya Krismasi na mwaka mpya, kura zikihesabiwa. Jua lilikuwa bado halijatua na ukumbi ulikuwa umefurika. Waliokosa nafasi walisimama nje wakichungulia kwenye matundu ya mabati. Mimi nilikuwa mlangoni. Niliona kioo vizuri na nilisikia kila neno.

Habari ilikuwa fupi. Msomaji alisema kuhesabu kunaendelea, kwamba Rais anaongoza katika nchi nzima, na kwamba mgombea wetu anaongoza Nyanza kwa kura nyingi, kama ilivyotarajiwa. Baada ya hapo akaingia kwenye habari za nchi nyingine.

Yule mhubiri alishika jina la mgombea wetu, akashika neno "anaongoza", akashika "kura nyingi". Sidhani alikusudia kudanganya. Alifumba macho, akanyoosha mkono, akapaza sauti: "Anaongoza! Mtu wetu anaongoza! Dunia nzima imeshuhudia!"

Ukumbi ukainuka.

Nataka kueleza kilichonipata pale, bila kukipamba. Nilikuwa nimeelewa sentensi yote. Ningeweza kuiandika ukutani. Nilijua "Nyanza" ilikuwa ndani yake na nilijua kilichotangulia. Lakini kelele ile ilinipitia miguuni kabla ya kufika kichwani. Mzee mmoja alinikumbatia akilia. Fundi wa baiskeli, yuleyule aliyeniita wa serikali, alinishika mabega akaniambia, "Mwalimu, umesikia? Umesikia mwenyewe!" Na kwa muda ule nilisikia alichosikia yeye. Miezi mingi nilikuwa mtu aliyepoza watu. Sasa walinitaka katikati yao. Nikarusha mikono juu, nikacheza.

Nilipogeuka nilimwona kaka. Alikuwa amesimama kando ya televisheni, amekigeuzia kioo mgongo kama kawaida yake, na katika watu wote wale alikuwa akinitazama mimi. Aliinua kidevu, kama mtu anayeuliza. Mikono yangu ilikuwa bado juu. Sikuishusha.

Mtu akapaza sauti, "Mwenye ukumbi! Leo serikali mpya inakula nini?"

"Njooni nyumbani," kaka akasema.

Wakamfuata wakiimba. Nyumbani palikuwa karibu. Nilifika nikiwa nyuma ya kundi na nikamkuta shemeji amesimama mlangoni mwa zizi, mikono ameitandaza kwenye nguzo mbili.

"Huyu ni wa Oyugis," alimwambia mumewe. "Huyu si wako."

"Mama, serikali imekuwa yetu," kaka alisema, akicheka. "Ng'ombe watarudi na ndugu zao."

"Nani amesema?"

Kaka akanionyesha kwa kidole. "Mwalimu amesikia."

Shemeji alinitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, "Nyanza," na kila kitu kingesimama. Watu walikuwa wamejaa ua mzima, wengine wameanza kuokota kuni. Nilitazama chini. Yeye akatoa mikono kwenye nguzo, akaingia ndani.

Nyama nilikula. Nililetewa kipande cha mbavu kabla ya wazee, kwa heshima ya masikio yangu.

Asubuhi redio ilitaja hesabu za majimbo, moja baada ya jingine, na kabla chai haijachemka kila mtu mtaani alikuwa amekwisha kujumlisha. Hakuna aliyekuja kutulaumu. Hata ukumbini hakuja mtu. Mhubiri nilimkuta sokoni akihubiri juu ya Ayubu, na wasikilizaji alikuwa nao.

Shemeji alikuwa akisugua sufuria la nyama kwa majivu. Nilisimama karibu naye, nikaanza kusema kwamba yule kijana hakuelewa.

"Najua hakuelewa," alisema bila kuinua kichwa. "Asiyeelewa hawezi kunidanganya. Wewe unaelewa."

"Shemeji, kaka nilimwonya mara nyingi kuhusu yule kijana."

"Ulimwonya kwa mdomo. Jana ulimwambia kwa miguu, na miguu ndiyo aliyoiamini." Akamwaga maji machafu. "Mtoto yuko Mfangano anavuta nyavu, anadhani mahari yake iko zizini. Utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

Alimwambia yeye. Mimi nilipewa kazi nyingine, ambayo sikuweza kuikataa, kwa sababu katika mazungumzo yale ya ndoa mshenga nilikuwa mimi. Baba wa kijana hukaa kimya mbele ya wakwe. Mshenga ndiye husema. Januari tulikwenda Oyugis, kaka na mimi, tukiwa na mitamba na bila fahali.

Tulikaribishwa vizuri. Baba wa binti alitoka, akatazama mitamba, akatazama barabara nyuma yetu kana kwamba kuna kitu kimechelewa, kisha akatuingiza ndani. Wazee wa kwao walikuwa wamekaa ukutani. Wanawake walikuwa chumba cha pili, mlango wazi.

Nilieleza. Nilieleza kwa utaratibu, kama nilivyozoea: kwanza ukumbi, kisha umati, kisha furaha. Mzee alinisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo televisheni," aliuliza, "ilisema nini hasa?"

Nikamtafsiria. Sentensi nzima, mwanzo hadi mwisho, pande zote, na sikuongeza wala kupunguza. Nadhani ndiyo tafsiri bora niliyowahi kufanya.

"Ilisema Nyanza?"

"Ilisema Nyanza."

"Na wewe ulielewa palepale, au ulikuja kuelewa baadaye?"

"Palepale."

"Halafu ukafanya nini?"

Kaka alikuwa akitazama kofia yake magotini. Nikasema, "Nikacheza."

Kutoka chumba cha pili kicheko kilitoka, kikazibwa kwa kiganja, kikatoka tena. Mzee mmoja wa ukutani naye akashindwa kujizuia. "Mkwe wetu," aliniambia, akifuta macho, "hata sisi huku tulicheza. Mimi nilivunja kiti. Lakini hatukugusa ng'ombe wa watu!"

Baba wa binti hakucheka. Alingoja wanyamaze, akasema kwamba binti hatampa mtu mwingine, maana neno ni neno. Lakini atabaki kwao mpaka aje fahali kama yule aliyemshika nundu, si mdogo kwake. Mitamba tuwaache. "Na siku mtakapomleta," alisema, "leteni msemaji mwingine."

Hapo kaka yangu alivunja desturi. Hakupaswa kusema neno, lakini aliinua kichwa akawaambia wazee wale, kwa sauti ya mtu anayetetea mali yake: "Msimdharau. Huyu ndiye anayejua Kiingereza kwetu."

"Tumesikia," mzee akajibu.

Ilichukua misimu miwili ya kuvua omena na mbuta kule Mfangano kabla kijana hajapata fahali mwingine. Alinunua mwenyewe na hakuniomba ushauri wala hakuninunia. Alinisalimu kama anavyosalimiwa mtu yeyote mzima. Asubuhi ya safari ya Oyugis kaka alikuja chumbani kwangu, amevaa koti, akaniambia msemaji ni mwingine lakini nafasi yangu ipo, nikae tu na wenzangu. Nilimwambia nina kazi. Sikuwa na kazi yoyote.