Kidudu cha Perrine

Tanuru lilipofunguliwa, Perrine Huchet alikuwa wa kwanza kusogea. Joto lilimbabua uso, wala hakujali. Angejali vipi? Miaka nenda miaka rudi alikuwa akisugua dhahabu kwenye kingo za sahani zilizochorwa na wengine. Sasa malkia wa ugenini ameagiza vyombo vya karamu, kazi imezidi mikono, na Mzee Tavernot, mkuu wa wachoraji, amempa sahani moja ya kumjaribu. Ikikubaliwa, atapata kiti kwenye meza ya wachoraji. Ikikataliwa, arudi kusugua.

Waridi alilolichora kwenye sahani lilitoka zuri, utadhani limechumwa asubuhi ile. Lakini lo! Pembeni, kwenye weupe mtupu, chembe nyeusi ya jivu ilikuwa imegandia humo humo, haikwanguliki.

Perrine hakulia. Alishika brashi, akaigeuza chembe ile kuwa doa mgongoni mwa kidudu chekundu, akaongeza madoa mengine na miguu, sahani ikarudi motoni.

Ilipotoka, Tavernot alicheka hadi wigi likamkaa upande.

"Jamani, njooni muone! Binti Huchet katia kiraka!"

Karakana nzima iliangua kicheko. Hakuna asiyejua pale: palipo na mdudu, chini yake pana kasoro.

"Mimi tangu nianze kazi hii sijachora hata sisimizi," Tavernot alijigamba.

"Kwani hujawahi kukosea, bwana?" Perrine aliuliza.

"Nikikosea, navunja." Akainyanyua sahani juu. Perrine akanyoosha mikono kuidaka.

"Hebu ngoja! Nipe niione!" Alikuwa mjumbe wa malkia, kaingia bila hodi. Akamwona mdudu, akampuliza. Hakuruka. Akampiga kwa ukucha. Wapi!

"Kumbe amechorwa!" Mjumbe alipiga makofi kama mtoto. "Wageni watampuliza kama mimi, na malkia atawacheka hadi mbavu zimuume! Nataka kila sahani iwe na mdudu wake."

Tavernot alimeza mate. "Hata zangu?"

"Hasa zako. Zimenyooka mno, zinachosha."

Perrine alitaka kurukaruka, akajishika aproni kwa mikono miwili.

Mjumbe alipoondoka, Tavernot aliketi mbele ya sahani yake isiyo na doa, brashi mkononi, akaitazama weee. Kisha akavuta kiti cha pembeni kwa mguu.

"Kaa hapa, binti," alisema, bila kumtazama. "Haya, niambie. Huyu mdudu mshenzi ana miguu mingapi?"