Damu ya Fundi Cherehani

Baba aliteleza kutoka juu ya lori la kahawa pale Muleba, paja likachanika vibaya. Wapagazi wakalifunga kwa kanga ya mama, wakamlaza juu ya magunia, lori likakimbia Bukoba. Hospitalini damu yangu ilipimwa, ikakataa kupatana na yake. Iliyokubali ilikuwa ya fundi cherehani, Mwislamu wa mtaa wa Bilele, aliyekuja tu kumwona jirani yake aliyelazwa hapo.

Baba alipopata nafuu alianza kugomba. “Mimi nimepewa damu yake, yeye hajapata yangu. Undugu gani huo wa upande mmoja?” Kwetu Wahaya, wanaochanjiana undugu hugawana buni moja, kila mmoja akameza nusu yenye damu ya mwenzake. Akaenda Bilele na mkongojo wake, buni mfukoni. Fundi akamwambia kwa upole kwamba dini yake hairuhusu kumeza damu. Basi wakaitafuna kavu, wakakumbatiana.

Aliporudi alitutangazia kwa furaha, “Watoto wa fundi sasa ni kaka na dada zenu. Kuoana ni mwiko.”

Mama akapiga vigelegele. Mimi nikakimbilia jikoni. Kijana mkubwa wa fundi alikuwa amenishonea gauni, na siku hiyo nilikuwa nimelivaa.